Aliyesikia Penye Kelele za Nyundo

Mkimwona mtu mzima hasikii, wanangu, jambo la kwanza mnalofanya ni kumwendea sikioni na kupiga ukelele kama mtu aitaye punda. Acheni. Maneno hayasikii, lakini ule ukelele anausikia, na unamuuma. Nendeni mbele yake, pale atakapoiona midomo yenu. Mngojeni awatazame, kisha mseme kwa utaratibu. Haya sikuyapata chuoni. Niliyapata katika kazi ya bati, ambayo nyinyi mnadhani ni ya kuziba makopo tu.

Mimi ni fundi bati. Nyundo nimeiacha kwa sababu ya mabega, si kwa kuichoka. Duka letu lilikuwa Mji wa Kale, katika kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, zama zile reli ya bara ingali mpya na wakubwa wakisukumwa mjini kwa toroli zipitazo juu ya vyuma. Mwenye duka alikuwa Fundi Taibali, Mhindi wa Kibohora, mzaliwa wa papa hapa Mombasa, mfupi, ndevu nyeupe, mikono imejaa makovu ya lehemu. Nilimwendea nikiwa mtu mzima mwenye mke, baada ya kushindwa na kazi ya kubeba mizigo forodhani, akanifundisha kama mdogo wake. Tulikuwa tukinunua madebe matupu ya mafuta ya taa, tukiyapasua, tukiyanyoosha, na kuyageuza kuwa koroboi, mabirika, faneli na ndoo.

Kelele ya duka lile siwezi kuieleza. Mafundi wanne wanagonga bati, na nje toroli zinapita. Siku moja mteja alisimama mlangoni akamwita mkewe aliyebaki nyuma. Akasema kama tusemavyo Wamvita tukimwita mtu aje, "Ndoo! Ndoo!" Fundi Taibali hakuinua hata macho. Alinyoosha mkono ukutani, akatungua ndoo, akampa.

"Kubwa hii, au wataka ile ndogo?"

Tulicheka mpaka tukaweka nyundo chini. Fundi Taibali alicheka kuliko sisi, lakini baadaye nilimwona amekaa akiwaza. "Kimvita nakijua toka kuzaliwa," akaniambia. "Lakini nimekaa katikati ya ndoo tangu asubuhi. Kichwa kilikuwa kinangoja ndoo, sikio likaleta ndoo." Likumbukeni hilo, maana ndilo nusu ya kazi yangu yote ya masikio.

Kazi hiyo iliingia kwetu kwa bahati. Mzungu mmoja mzee, abiria wa meli, alituletea pembe yake ya shaba iliyobonyea. Pembe yenyewe ilikuwa na mdomo mpana kama wa tarumbeta, ikipungua taratibu hadi ncha nyembamba ya kutia sikioni. Hasikii bila hiyo. Fundi Taibali aliinyoosha, na kabla ya kuirudisha akanitia ile ncha sikioni, akanong'ona kule mdomoni. Niliruka. Sauti yake ilikuwa kama inatoka ndani ya kichwa changu, ikisema nifunge kile kifungo cha kanzu. Mzungu alipokuja kuchukua chombo chake, Fundi alikwisha kulichora umbo lake kwenye karatasi ya kufungia chai.

Pembe yetu ya kwanza tulimtengenezea Mzee Mbaruku. Huyu alifanya kazi Kilindini kwenye karakana ya reli. Alikuwa mmoja wa wale waingiao ndani ya boila, lile pipa kubwa la chuma la kuchemshia maji ya garimoshi, wakashika ribiti, msumari wa kuungia chuma, kwa ndani huku wenzao wanaigonga kwa nje. Boila ni ngoma, na yeye alikuwa ndani ya ngoma. Alipoacha kazi kabisa, masikio yake yalibaki yakilia kama nyenje, akawa anaongea kwa kupayuka, akidhani wote tuko mbali.

Tulimpa pembe, akaenda nayo kwake amejaa furaha. Jioni alirudi uso umemkunjamana.

"Vipi, Mzee? Haikufaa?" Fundi aliuliza kwa ishara.

"Imefaa!" akapayuka. "Mke wangu sijamsikia miaka na miaka. Yeo nimemsikia. Na neno la kwanza aliloniambia ni, Mbona wanuka mafuta ya taa?"

Hatukuwa tumeliosha debe sawasawa. Tangu siku ile tulichemsha kila bati kwa majivu na ndimu. Tukajifunza na mengine. Bati tupu lina mwangwi mkali, kila *s* inachoma, kwa hiyo tukaanza kuivisha pembe kitambaa kwa nje, kipande cha kanga kilichobanwa kwa gundi. Ncha ya kuingia sikioni tuliizungushia ngozi laini. Ukiiacha bati tupu inakata, na mwenye sikio haji tena.

Lakini Mzee Mbaruku alirudi mara ya pili, na safari hii alikuwa na huzuni. Nyumbani anamsikia mkewe. Msikitini, akikaa safu ya mbele, anaisikia hotuba ya Ijumaa, maana msemaji ni mmoja na watu wote wamenyamaza. Barazani, penye kahawa na wenzake, hasikii kitu.

"Pembe yenu yanisikilizisha vikombe," alisema. "Nasikia muuza kahawa akigonga vikombe, nasikia toroli, nasikia kuku. Watu siwasikii. Niliwaendea watu, nikaletewa kuku!"

Nilimfuata barazani baada ya alasiri, nikakaa naye. Alikuwa amekaa katikati, watu mbele na nyuma, mgongo wake umeelekea njia. Wenzake wanasema kwa pamoja, mmoja anacheka, mwingine anapinga. Niliiweka ile pembe sikioni mwangu nikafahamu. Pembe haina akili. Yakusanya kila kilicho mbele ya mdomo wake, ikakutilia kichwani. Sisi wenye masikio mazima tunachagua bila kujua, tunaliweka kando la toroli tukachukua la rafiki. Masikio ya Mzee Mbaruku hayawezi tena kuchagua, na pembe haiwezi kumchagulia.

Basi nikamhamisha. Nilimkalisha pembeni mwa baraza, ukuta nyuma yake, ili kelele zisimjie kwa nyuma. Mdomo wa pembe nikaugeuza uiache njia. Nikawaomba wenzake wazungumze mmoja mmoja, na msemaji asogee, aseme kwa sauti yake ya kawaida karibu na mdomo wa pembe, uso ukionekana. Na kitu cha mwisho ndicho kilichosaidia kuliko vyote, nacho nilikipata kwa ile ndoo ya Fundi Taibali. Niliwaambia kabla hawajaanza jambo, wamwambie jambo gani. "Mzee, twasema habari ya mvua." Basi kichwa chake kikikaa tayari kwa mvua, sikio likishika neno moja katika matatu, hayo mawili mengine huyajaza mwenyewe. Mtu akirukia habari nyingine bila kumwambia, amemwacha njiani. Haya hayabadiliki. Nasikia siku hizi kuna visanduku vya betri vya kufunga kifuani, na waya mpaka sikioni, na wavaaji wananiambia maneno yale yale ya vikombe na kuku.

Nilidhani nimekwisha kuyajua masikio yote. Ndipo akaja Bi Zuhura.

Alikuja na mumewe, Bwana Salim, mshona kofia wa mtaa wa Kibokoni. Walitaka sanduku la bati la kuhifadhia kofia zisiliwe na mende. Bwana Salim namjua. Kazi yake ilikuwa ya kimya, sindano na uzi barazani kwake, na sauti yake ilikuwa ya kimya pia. Katika maisha yake hakupata kumpandishia mtu sauti, na watu wa mtaa walimsifu kwa hilo. Mkewe alikuwa mwanamke kijana, mama wa binti mdogo aitwaye Maryamu. Nilikwisha kusikia, kama mjuavyo mji huu, kwamba nyumba ile haina raha. Mama yake Bwana Salim alikuwa akilalamika kwa majirani kuwa mkwe wake amepata kiburi tangu ajifungue. Akiitwa hageuki. Akiulizwa hajibu, au anajibu lisiloulizwa. Mumewe alikuwa akimtetea, kisha akachoka kumtetea.

Siku ile nyundo zilikuwa zinalia. Fundi Taibali akamwuliza Bwana Salim urefu wa sanduku, naye kabla hajajibu mkewe akasema kwa sauti ndogo, nyororo, "Liwe na vyumba viwili, Fundi, kofia za vito, zile za thamani, ziwe mbali na za kawaida."

Fundi akamwuliza kama anataka kitasa. Akajibu. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikamwuliza kama mfuniko uwe wa bawaba. Akageuka akanijibu. Kila tulilosema alilisikia, katikati ya kelele zile ambazo wateja wengine huweka mikono masikioni.

Nikaona uso wa Bwana Salim unabadilika.

"Kumbe wasikia," akamwambia kwa sauti yake ya chini, nami karibu nao nikamsikia.

"Nini?"

"Nasema wasikia! Nyumbani nakuita mara tatu hugeuki. Mamangu akuuliza, wamtazama kama ukuta. Hapa, penye nyundo hizi, wawajibu watu wasiokuhusu mpaka walio nyuma yako!"

Nilimtazama Bi Zuhura. Nilimwona ameshangaa kuliko mumewe. Bwana Salim alitoka bila kuaga, na mkewe akamfuata akijikwaa kwenye buibui. Baada ya siku chache tukasikia amemrudisha kwao. Talaka alikuwa hajaitamka, ila watu walisema ni suala la siku.

Fundi Taibali alikosa raha. "Huyu mwanamke si mwongo," akawa anasema huku anagonga. "Mwongo hujificha. Huyu alijibu mbele ya mumewe bila kuogopa."

Aliyekuja kutafuta jibu ni mwenyewe Bi Zuhura. Aliingia na mamake asubuhi moja, macho mekundu, akasimama mbele ya fuawe.

"Fundi, niambie kuna nini hapa dukani kwako," alisema. "Kwetu kumetulia, na mimi ni kama nimefunikwa mtungi kichwani. Naona midomo ya watu yaenda, maneno hayaji. Nikiingia hapa, mtungi wafunuka. Nimelia sana. Nadhani nina jini."

"Jini la kupenda bati?" Fundi akamwuliza.

Alicheka, masikini, katikati ya machozi yake.

Fundi akatuamuru sote tuweke nyundo chini. Duka likanyamaza. Akasema neno kwa sauti ya kawaida. Bi Zuhura akamtazama. Hakusikia. Akatuambia tugonge, akasema tena neno lile lile. "Umeniuliza nimekula nini," akajibu. Tukarudia mara nyingi. Mwishowe mimi, niliyekuwa nikimtazama Fundi badala ya kumtazama yule bibi, niliona mishipa ya shingo yake. Kila nyundo zilipoanza, ilisimama kama kamba.

"Fundi," nikamwambia, "wewe ukisema hapa, wapiga kelele."

"Mimi? Mimi nasema kama kawaida."

Na kweli alidhani hivyo. Sote tulidhani hivyo. Mtu akiwa penye kelele hupandisha sauti bila kujijua, na akitoka nje huishusha bila kujijua. Dukani kwetu kila mtu alikuwa akimpigia Bi Zuhura kelele kwa adabu zote. Kwake alikuwa amekaa na mtu mwenye sauti ya chini kuliko wote mjini. Na kulikuwa na jambo la pili. Kelele inayotuziba sisi, yeye haikumziba. Sikio lake lilikuwa zito, zile nyundo zilimfikia kwa mbali, na sauti zetu zikapita juu yake. Nimewauliza wajuao miaka ya baadaye, wakanithibitishia kuwa masikio ya namna hiyo yapo, zaidi kwa wanawake, na mara nyingine huanza baada ya uzazi. Dalili yake moja mtaijua wenyewe. Mzee Mbaruku alipayuka kwa sababu hakujisikia. Bi Zuhura alinong'ona kwa sababu alijisikia mno, sauti yake mwenyewe ikimjaa kichwani.

Kulijua jambo ni kitu kimoja, kumwaminisha mume aliyeumia ni kingine. Tulimaliza sanduku, tukampelekea habari Bwana Salim aje alichukue. Bi Zuhura tulimwambia mpango wetu, naye akakubali. Alikaa kwenye mkeka ndani kabisa, mgongo umeelekea mlango, macho ukutani. Mamake alikaa nyuma yake, karibu nasi. Maryamu waliyemwacha kwa jirani hakuwapo.

Bwana Salim alipoingia na kumwona, alitaka kugeuka. Fundi Taibali akamshika mkono.

"Bwana wangu, sikukuita ili nikusute. Nyundo zimenyamaza. Mwite mkeo kwa sauti yako."

"Nimekwisha kumwita sana."

"Mwite mara moja ya mwisho."

"Zuhura," akaita. Hakugeuka. "Zuhura." Akatikisa kichwa. "Fundi, anajua niko hapa. Mmempanga. Hata mimi nikiambiwa nisigeuke sitageuka."

Fundi akamwachia mkono Bwana Salim. Alikuwa amesema kweli. Kisha Bwana Salim, jasho likimtoka, akasema kwa sauti ile ile yake ya pamba, si kubwa si ndogo,

"Zuhura, Maryamu ameanguka kisimani."

Mamake Bi Zuhura, aliyetoka kumwacha mtoto salama muda si mrefu, aliruka kutoka alipokaa na kushika mdomo kwa mikono miwili. Mmoja wetu aliangusha koleo. Mimi mwenyewe moyo ulinipasuka, na nilijua ni maneno tu.

Bi Zuhura alikuwa akikunja upindo wa leso yake. Akaukunja, akaukunjua, akaulainisha kwa kidole gumba.

Sijapata kumwona mwanamume akishuka vile. Bwana Salim aliegemea mlango, akateleza mpaka akakaa chini kwenye vipande vyetu vya bati. "La ilaha illallah," akawa anasema. "Nimemfanya nini huyu mtu? Nimemfanya nini?"

Fundi Taibali akatutazama, akaashiria nyundo. Tukaanza kugonga sote, tena kwa nguvu, maana hakuna aliyetaka kuonekana macho yake. Bwana Salim akainuka, akajipangusa kanzu. Akasema jambo, halikusikika. Akasema tena. Kisha akafungua kinywa ambacho Mombasa nzima haikupata kukisikia, akapaza sauti mpaka majirani wa ng'ambo wakatoa vichwa madirishani.

"Zuhura! Nisamehe! Twende nyumbani!"

Bi Zuhura akageuka. Akamtazama mumewe, uso umemwiva na mishipa imemtoka, akatutazama sisi, akarudi kumtazama yeye. Akasema kwa ile sauti yake nyororo,

"Usinipigie kelele, nasikia."

Hapo hata Fundi alishindwa kugonga.

Msidhani mambo yalinyooka siku moja. Mama mkwe alihitaji muda, na siku ya kwanza alimsema mkwewe mbele yake ili aone kama kweli hasikii. Tulimtengenezea Bi Zuhura pembe fupi, pana, ya kufichika ndani ya buibui, nami nilikwenda kwao kuwafundisha namna ya kukaa. Kazi ngumu ilikuwa ni Bwana Salim. Sauti alikuwa nayo, alikuwa anaionea haya. Aliona kama anamtukana mkewe kila alipoipandisha. Nilimwambia aiwaze kama ya mwadhini, ambaye haadhini kwa hasira. Akajaribu kidogo kidogo, akiwa amefunga madirisha. Baadaye akaacha kufunga madirisha.

Miaka ilipita. Sikio la Bi Zuhura lilizidi kuziba, na sauti ya mumewe ikazidi kukua kulifuata. Mara moja nilikuwa napita Kibokoni jioni, na fundi wa viatu aliyehamia mtaa ule karibuni akanishika kanzu.

"Yakhe, wewe wawajua watu wa nyumba hiyo?" akaniuliza kwa hofu. "Yule mzee wa kofia amgombeza mkewe kila siku ya Mungu. Sauti yatoka mpaka barabarani. Hakuna mtu wa kuwasuluhisha?"

"Umesikiliza anasema nini?"

"Nisikilize matusi ya watu?"

"Sikiliza."

Tukasimama chini ya dirisha. Bwana Salim alikuwa ananguruma kwenye pembe, mwangwi wa bati ukizunguka ndani ya maneno yake.

"Nasema, hiyo kanga imekupendeza!"

Kisha ikaja ile sauti ndogo, ya mtu anayejisikia mno kichwani mwake.

"Nilisikia mara ya kwanza. Nilitaka useme tena."